Pasipoti ya Tansy

Poni, yaani farasi mdogo, aliyezaliwa New Forest, msitu wa kusini mwa Uingereza, hahitaji karatasi yoyote maadamu haendi popote. Anaweza kuzaliwa kwenye matope nyuma ya baa, akala vichaka vya miiba miaka ishirini na ushee, akasimama katikati ya barabara akawazuia watalii mpaka wachoke kupiga honi, na serikali isimuulize hata jina. Lakini siku akipandishwa gari ili avuke mpaka wa Msitu, mambo yanageuka. Sharti awe na pasipoti yenye jina lake, mwaka wa kuzaliwa, mchoro wa kila doa la mwilini, na namba ya chipu iliyodungwa shingoni. Tena pasipoti hiyo isafiri naye garini, isibaki nyumbani kwenye mtoto wa meza. Anayembeba bila hiyo anajitafutia kesi. Watu wa Msituni huilaani sheria hii kila wakutanapo, kisha wanaifuata neno kwa neno.

Avril Hayter alikuwa akiisikia ikilaaniwa jikoni kwake miaka nenda miaka rudi, wala haikumhusu. Mambo ya poni yalikuwa ya mumewe, Clem. Yeye alikuwa mtoto wa mwoka mikate wa Southampton, msichana wa mjini aliyemwona Clem kwenye dansi akiwa na tope kwenye soksi, akamcheka, na mwaka uliofuata wakafunga ndoa. Alipohamia Msituni aliwaogopa poni kama nini. Wiki ya kwanza mmoja aliingiza kichwa dirishani akala keki ya harusi iliyobaki, na bibi harusi akapanda juu ya kiti akipiga mayowe. Clem alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Baadaye Avril alizoea. Alipika chakula cha mchana cha shule ya kijiji mpaka akastaafu, na watu wazima wenye vipara hadi leo wakimwona dukani humkumbusha uji wake wa mchele na maziwa. Akalea binti mmoja, Lorraine. Akajifunza kufunga geti kwa nyonga huku mikono yote miwili imebeba mizigo. Poni akamwachia Clem.

Clem alikufa Februari, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa anavua buti mlangoni. Buti moja lilikuwa limeshatoka.

Tangu siku hiyo Avril alikufa ganzi. Sisemi alikuwa na huzuni. Huzuni ni kitu, mtu anaweza kuishika na kuibeba. Yeye hakuwa na kitu. Kwenye mazishi alikula sandwichi za nyama ya nguruwe huku akiwasikiliza watu wakipenga makamasi, akawaza kwamba haradali imezidi. Mwezi Mei aliungua mkono kwenye oveni, akasimama akiutazama unavyovimba, mpaka akakumbuka kwamba mtu akiungua hutia mkono kwenye maji baridi. Majirani walimsifu kwa ushujaa wake. Ushujaa gani? Ila Waingereza wa rika lake husifiana kwa kunyamaza, kwa hiyo hakuna aliyemtilia shaka.

Lorraine aliishi mbali, Shropshire, pamoja na mumewe, kwenye nyumba yenye kiwanja cha majani nyuma yake. Alipiga simu kila Jumapili.

"Mama, njoo ukae na sisi. Nyumba hiyo ina baridi, uko peke yako, unangoja nini?"

"Singoji kitu."

"Basi si uje?"

"Haya."

"Haya ya kweli, au haya ya kunifunga mdomo?"

Avril alifikiri kidogo. "Nitakuja Tansy akija."

"Tansy wa Baba? Bado yuko hai yule kikongwe?"

"Yuko."

"Basi aje! Tutamjengea banda. Mungu wangu, Tansy! Mimi nilikuwepo usiku anazaliwa, unakumbuka?"

Tansy alikuwa poni wa Clem, jike la rangi ya kahawia lenye singa nyeusi, na umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitatu. Zamani Clem alikuwa na poni wengi, akawapunguza mwaka hadi mwaka kadiri magoti yalivyomkatalia, wakabaki wawili: Tansy na mwanawe wa kike, ambaye hakuwahi kupewa jina la maana, akaitwa tu Binti. Wote wawili waliishi nje nyikani kama wenzao, wakishuka mpaka nyumbani kwa Hayter walipotaka nyasi kavu. Binti alikuwa akila na kwenda zake. Tansy alikuwa haondoki mpaka Clem atoke. Alimwekea kidevu begani akampumulia sikioni, nao wakasimama hivyo, hawana habari na mtu, hata kwenye mvua. Avril akiwachungulia dirishani alikuwa akisema, "Haya, mke mwenzangu kaja." Na Clem akirudi ndani akinuka farasi alimfukuza akaoge, na kumpigia kelele juu ya hayo.

Sasa Avril alitaka asimame pale aliposimama Clem, na kidevu kile kiwekwe begani mwake yeye. Aliamini, kwa kadiri alivyoweza kuamini kitu mwaka ule, kwamba hapo ganzi ingemtoka. Sababu yenyewe ilikuwa hiyo tu. Hakumwambia mtu, maana ukiisema inakuwa upuuzi.

Nyumba ilipata mnunuzi upesi. Na Msituni haki ya kulisha wanyama ni ya nyumba, si ya mtu. Ukiuza nyumba umeuza na malisho. Poni wa Hayter wasingeweza kubaki kwa jina la Hayter. Mervyn Whitcher, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyesoma na Clem na kugombana naye kirafiki maisha yao yote, alikubali kumchukua Binti awe wake. Tansy angekwenda Shropshire na Avril. Ikabaki pasipoti.

Daktari wa mifugo alikuja Oktoba, siku ya ukungu. Mervyn alikuwa ametoka asubuhi na ndoo ya chakula kwenda nyikani, akarudi akimvuta poni mwenye matope mpaka masikioni, akamtia bandani kwa Avril.

"Haya, bibi yenu huyo," alisema, akihema. "Kanikimbiza nusu ya Hampshire. Kwa umri ule, shetani huyu ana mbio!"

"Asante, Mervyn."

"Usinishukuru, nipe chai."

Hapa inafaa niseme jinsi watu wa Msituni wanavyomtambua poni. Hawaanzi na uso. Wanaanza na makalio, kwa kuwa ukimwona poni wa Msituni, mara nyingi anakwenda zake. Ubavuni ana chapa ya moto ya mwenyewe, na singa za mkia zimekatwa ngazi-ngazi kuonyesha ni wa upande gani na kwamba ada yake ya mwaka imelipwa. Mervyn aliona chapa ya Hayter, akaona mkia wa upande wao, akaona rangi ya kahawia, akarusha kamba. Maisha yake yote hayo yalikuwa yanatosha.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye glavu za zambarau na adabu nyingi. "Bibi Hayter, tafadhali unishikie kamba?"

Avril akashika. Daktari akadunga chipu upande wa kushoto wa shingo, akapitisha mashine juu yake, ikalia. Kisha akatoa karatasi yenye mchoro mtupu wa farasi, akawa anamzunguka poni na kuujaza kwa wino: hapa manyoya yanajizungusha, pale kisigino cha nyuma kina nywele chache nyeupe.

"Jina lake?"

"Tansy."

"Ana umri gani?"

"Ishirini na mitatu."

Daktari akamfungua poni mdomo. "Mh! Meno haya ya miaka ishirini na mitatu? Natamani nami nizeeke hivi."

"Clem alikuwa anamlisha vizuri."

"Na tuandike kwamba hatauzwa kuchinjwa aliwe?"

"Nani amle?"

"Sheria inataka niulize, Bibi."

"Haliwi," alisema Avril.

Aliyajibu yote hayo kama alivyomjibu mtu wa majeneza mwezi Februari: mbao gani, maua gani, wimbo gani. Muda wote alishika kamba na poni akampumulia kwenye koti, naye alikuwa akitazama ukuta, kwenye msumari wenye koti la mvua la Clem. Poni hakumwekea kidevu begani. Hilo Avril aliliona. Alijiambia labda bado hajamzoea.

Pasipoti ililetwa na posta baada ya majuma kadhaa, kijitabu chembamba kisicho na uzito. Avril alikitia kwenye kopo la biskuti bila kukifungua.

Siku ya kuhama ilikuwa Alhamisi moja ya Novemba, na kesho yake wanunuzi wangechukua funguo. Vyombo vilikuwa vimetangulia. Asubuhi kukiwa na manyunyu, Shirley Pragnell aliingiza lori lake la farasi uani kinyumenyume, akashuka akijifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na alikuwa amebeba farasi wa nusu ya kusini yote. Aliwahi kutozwa faini kwa kumbeba farasi asiye na karatasi. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo Shirley akawa mkali kuliko sheria yenyewe.

"Pasipoti kwanza, farasi baadaye," alisema. "Hujambo, Avril mpenzi. Pole na manyunyu. Pasipoti."

"Ndiyo salamu hiyo?" Mervyn akauliza. Alikuwa amekuja kusaidia kupakia na kuaga.

"Wewe Mervyn, wewe. Siku nilipowekwa kando ya barabara kama mwizi, kwa sababu bwana mmoja aliniapia 'karatasi zipo, nimezisahau nyumbani', ulikuja kunitoa?"

"Sikujua uko wapi."

"Basi nyamaza ulete farasi."

Safari hii hakukuwa na haja ya kukimbizana. Poni walikuwa getini wenyewe, Tansy mbele na Binti nyuma yake, wakingoja nyasi. Mervyn alimtia kamba yule wa mbele akamwingiza uani. Binti alibaki nje ya geti.

Tansy alipofika kwa Avril alisimama. Akanyoosha shingo. Akamwekea kidevu begani, kidevu kizito, kimelowa mvua, akashusha pumzi ndefu sikioni mwake.

Avril akatulia tuli. Alingoja. Miezi yote ile alikuwa akikingoja kitu hiki, na sasa kiko begani mwake, na alichohitaji ni kusimama tu kimfikie. Badala yake lilikuja wazo dogo, la baridi, likapita mbele ya mengine yote: basi yule wa Oktoba alikuwa nani?

"Huyu siye," alisema Shirley.

Alikuwa ameinama nyuma ya poni na pasipoti aliyopewa na Avril imefunguliwa mkononi. "Hapa daktari kachora nywele nyeupe kisigino cha nyuma, kushoto. Kisigino hiki ni cheusi kama buti langu."

"Matope," Mervyn akasema.

Shirley akafuta kisigino kwa kiganja, akamwonyesha Mervyn kiganja, akamwonyesha na kisigino. "Matope yako haya hapa. Weupe uko wapi? Na sikio hili lina pengo. Mchoro hauna pengo." Akaenda kwenye lori akachukua mashine ya kusomea chipu, akaipitisha shingoni mwa Tansy upande wa kushoto, akaipitisha upande wa kulia, akarudia kushoto. Mashine ikakaa kimya.

"Betri hiyo," alisema Mervyn.

Shirley alikwenda getini, akapitisha mkono juu ya mbao, akaisogeza mashine kwenye shingo ya Binti. Mashine ikalia.

Mwenye macho haambiwi tazama, na Avril macho alikuwa nayo. Hata miwani alikuwa amevaa siku ile. Clem angemtambua Tansy gizani, kwa pumzi tu, na yeye alikuwa amesimama bandani na poni mwingine, pua kwa pua, mchana kweupe, akamtajia daktari jina la Tansy na umri wa Tansy, na hakuona.

Mervyn alivua kofia. "Avril. Nilitazama chapa. Nilitazama mkia, naapa, nikaona ndiye."

"Najua, Mervyn."

"Clem angenitukana wiki nzima."

"Mwaka," alisema Shirley.

"Aliyemshika kamba ni mimi," Avril akasema. "Nilisimama naye pale. Sikumtazama."

Alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja mahali alipoacha mwavuli. Wale wawili wakatazamana.

"Sasa Shirley," Mervyn akaanza, kwa sauti ya kubembeleza, "ni safari moja tu. Wote kahawia, wote wa Hayter. Nani atakusimamisha?"

"Yule yule aliyenisimamisha. Simbebi."

"Basi mimi nitakaa naye. Daktari aje tena, pasipoti nyingine itoke, masika utamfuata umpeleke. Eh, Avril? Nitamweka kwa jina langu hadi hapo. Wote wawili nitawaweka."

Shirley alimpapasa Tansy mgongoni, mahali mifupa ilipoanza kujitokeza chini ya manyoya ya baridi, akamtazama miguu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imepungua. "Nikwambie ukweli, mpenzi? Utanikasirikia?"

"Sema."

"Huyu hajapanda gari maisha yake yote. Analala kichaka kile kile tangu azaliwe. Akiivuka baridi hii, ana mwaka mmoja au miwili. Ukamtoe hapa, akasimame peke yake kwenye kiwanja cha watu Shropshire, hajui hata maji yako wapi. Kwa faida ya nani?"

Jibu Avril alikuwa nalo. Ilikuwa kwa faida yake mwenyewe. Hakuwahi kumtaka Tansy kwa ajili ya Tansy. Alimtaka kama mtu anavyotaka dawa, na dawa ilikuwa imemwekea kidevu begani dakika chache zilizopita, naye akawa anawaza karatasi.

"Kisheria," Shirley aliendelea, akipigapiga pasipoti kwenye kiganja, "Tansy ni yule pale getini. Serikali haimjui mwingine. Ukitaka, yule nampakia sasa hivi."

Alikuwa akitania nusu. Lakini Avril alimtazama Binti, aliyekuwa amepitisha kichwa juu ya geti, na akawaza uzio mpya aliojenga mkwe wake, na banda, na Lorraine tangu asubuhi akichungulia dirishani. Akawaza simu ya kueleza kila kitu. Kueleza kulimchosha kabla hajaanza.

"Mpakie huyo," alisema.

"Una hakika?" Mervyn akauliza.

"Sina. Mpakie."

Kamba ya Tansy aliivua yeye mwenyewe. Tansy alibaki amesimama, akitazama mlango wa jikoni, masikio mbele. Mlango haukufunguka. Baada ya muda akageuka, akapita getini, akaifuata njia ya kupanda nyikani taratibu, akisimama hapa na pale kung'ata nyasi, mpaka vichaka vikamficha. Avril hakumwita. Asingejua amwite kwa sauti gani, maana kumwita ilikuwa kazi ya Clem.

Binti alimfuata Shirley na ndoo yake ya shayiri hadi ndani ya lori, bila taabu. Ila mlango ulipofungwa alilia, mlio mrefu wa kutetemeka. Kutoka juu nyikani alijibiwa, mara moja tu. Mervyn alimpa Avril mkono, kisha akabadili nia akamkumbatia, vibaya, kwa bega moja, kama mtu aliyesoma kukumbatia kitabuni.

Binti alilia mpaka Newbury. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa kubaya kuliko kulia. Pasipoti ilikuwa juu ya dashibodi, ikiteleza kulia na kushoto kwenye kila kona. Shirley aliendesha kwa mkono mmoja na kula kipande cha mkate wa soseji kwa mkono mwingine, akampa Avril cha kwake, naye Avril akala chote.

"Utamwambia binti yako?" Shirley akauliza walipoipita Oxford.

"Sijui."

"Mimi mdomo wangu umefungwa. Farasi anaendana na karatasi, karatasi inaendana na farasi. Hayo mengine hayanihusu."

"Ahsante."

"Lakini akiniuliza, nitasema. Mimi uongo hunitoa jasho."

Avril aligusa bega la koti lake, lile la kushoto. Lilikuwa limeshakauka kwa joto la lori. Alijaribu kukumbuka uzito wa kile kidevu na akakuta hakumbuki; alikumbuka tu sauti ya Shirley ikisema huyu siye.

Walifika mwanga ukianza kupungua. Lorraine alitoka mbio na viatu vya ndani kwenye matope, nywele zimefungwa ovyo, mwanamke karibu wa miaka arobaini, mama wa nyumba, mtu wa kupanga mambo. Kwenye mazishi ya baba yake yeye ndiye aliyegawa chai. Aliwashughulikia wageni, akamshughulikia kasisi, akashughulikia kila kitu, na jioni akaendesha gari kurudi kwake, na hakuna aliyemwona chozi.

Shirley alishusha mlango wa nyuma akamtoa poni. Binti alisimama chini ya taa ya uani, jasho limemkaukia kwenye manyoya vifundo vifundo, akitazama huku na huku dunia asiyoijua.

"Tansy," alisema Lorraine. Alimshika shingo kwa mikono miwili, akaingiza uso kwenye singa, na mabega yake yakaanza kupanda na kushuka. Alilia kwa sauti, kilio kibaya, cha kukwama na kuanza upya, kama watoto wanavyolia kabla hawajafundishwa aibu. Poni alivumilia. Labda alikuwa amechoka tu.

Avril alikuwa amesimama kando, na mfuko wake wa mkononi.

"Mama." Lorraine aliinua uso uliojaa maji na manyoya. "Mama, njoo. Njoo unuse hapa. Ananuka kama Baba."

Avril alikuja. Aliinamisha pua kwenye shingo akanusa, akasikia farasi aliyelowa, mavi, na dizeli ya lori. Zaidi ya hapo hakusikia kitu. Alimtazama binti yake, pua nyekundu, mdomo umepinda, hana habari na mtu, na akamwonea wivu. Ulikuwa wivu mkali, kumwonea mtoto wa kumzaa mwenyewe kwa kuwa amepata wa kumlilia hata kama siye. Na hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi tangu Februari.

"Si ananuka kama Baba?"

Maneno yalikuwa ulimini. Huyu siye, Lorraine, Tansy nimemwacha. Kwenye lori Shirley alikuwa amechukua ufagio, akifagia kwa bidii sakafu iliyokuwa safi.

"Ndiyo," alisema Avril. "Kama yeye kabisa."

Akauweka mfuko chini kwenye matope. Akazunguka upande wa pili wa shingo ile ngeni, akaegemeza paji la uso pale, akafumba macho, akangoja zamu yake.